Ile hapana

Jirani wa mbele kawasha mshumaa ndani ya boga tangu magharibi, na kifuniko kimeanza kubabuka. Harufu inaingia mpaka jikoni kwetu. Si mbaya, lingekuwepo tui la nazi na hiliki ningesema bibi yupo uani. Lakini mimi hunirudisha kwenye chumba cha chini ya nyumba moja Pittsburgh, Marekani, Oktoba ya 2008, watu saba tumebanana kwenye makochi mawili, moja halina mguu, na boga la namna hiyohiyo linaungua juu ya ngazi.

Nilikuwa nimejiponza kwa mdomo wangu. Wenzangu msimu wa Halloween, sikukuu yao ya kutishana, wana mila yao, kila usiku sinema moja ya kutisha, na mimi kila usiku nacheka. Damu naiona rangi, maiti namwona zipu mgongoni. Nikawaambia hivi vyenu ni vya watoto, mimi nimekulia Unguja. Mwaka 1995, nina miaka tisa, tumelala nje kwa kumkimbia Popobawa.

"Popo nani?"

Jini, nikasema. Ana mbawa kama za popo, anaingia majumbani usiku.

"Kumbe Batman!"

Walicheka mpaka bisi zikamwagika. Nami nikacheka, kwa sababu lile analowafanyia watu lisingesemeka mbele ya wasichana wale, na ukiliondoa hilo, wallahi, kinachobaki ni Batman.

Kwa hiyo hawakusikia kwamba alianzia Pemba, mwezi wa Ramadhani, kisha akavuka kuja kwetu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, wa kwanza tangu Mapinduzi, basi kila upande ukasema jini katumwa na wenzao. Mitaa ya Ng'ambo ililala nje: majamvi barazani, moto katikati, mashekhe wanasoma, wanaume wanapokezana zamu. Wakubwa walikuwa na khofu ya kweli. Sisi watoto ilikuwa sikukuu. Hakuna anayekwambia kalale, na huku ubavuni una binamu na kule una mtoto wa jirani. Palikuwa na sharti moja nililolishika sana: aliyejiwa na Popobawa lazima aseme. Akificha, anarudiwa.

Usiku huo zamu ya kuchagua sinema ilikuwa ya mwenye nyumba, akachagua ya kwao: Night of the Living Dead, ya George Romero, ya 1968. Makaburi ya mwanzo yako Evans City, chini ya saa moja kwa gari kutoka pale tulipokaa. Haina rangi. Damu yake ni sharubati ya chokoleti, na hilo alitwambia kabla hata mtu hajafa. Wafu wanafufuka, watu wanajifungia kwenye nyumba ya shamba, wanagombana. Shujaa ni Ben, mtu mweusi, anayeigizwa na Duane Jones. Yeye ndiye anayepigilia mbao madirishani, yeye ndiye mwenye akili humo ndani. Nilikuwa nakula bisi.

Kisha kukakucha.

Wanaume wanakata konde kwa safu, bunduki mikononi, mbwa mbele. Si watu wabaya. Wamekesha, wamechoka, wanalinda kwao. Wanaisogelea nyumba. Ben, aliyebaki peke yake, anasikia milio, anapanda kutoka chini alikojificha, anachungulia dirishani. Wale nje wanaona kitu kinatikisika. Hakuna aliyeuliza wewe nani. Risasi moja, kichwani. Halafu zinakuja picha zisizotembea, kama za gazeti, wanamkokota kwa kulabu za nyama wakampange na wafu wengine kwenye kuni.

Na mimi nikamwona ami.

Asubuhi moja ya 1995 ami alirudi kutoka zamu na wenzake wawili. Siku nyingine hurudi na mzaha, kwamba Popobawa kamkimbia kwa harufu ya makwapa yake. Siku hiyo kimya. Alikwenda bombani uani akanawa mikono, akarudia, kisha akaliosha na gongo lake. Bibi akamwekea chai. Hakuinywa, ikapoa mpaka ikafanya utando. Mchana wakaja na habari kwamba mjini watu wamemuua Popobawa, na sisi watoto tukapiga vigelegele. Baadaye ikaja habari nyingine, hii ya kunong'onwa: hakuwa jini. Alikuwa mtu, mgonjwa wa akili, mgeni wa mji, hakuwa na wa kumsemea.

Ami usiku huo alikuwa wapi? Mji ni mkubwa, na walinzi walikuwa kila mtaa. Huenda hakutoka kwetu. Gongo sikuliona tena.

Taa ikawashwa. Wenzangu wananyoosha migongo, mmoja anauliza nani anataka pitsa. Mimi natetemeka. Yule wa Philadelphia niliyekaa naye chumba, mweusi kama mimi, akaniwekea mkono begani. "Najua, ndugu yangu," akasema. "Mimi pia, kila nikiiona." Njiani kurudi akanisimulia taratibu, kama anayempa mgeni urithi: Romero alikuwa garini na mkanda wa sinema hiyo, wanaupeleka New York kuutafutia soko, redio ikatangaza Martin Luther King ameuawa. Alidhani nimejiona dirishani. Nilikuwa kule kondeni, kwenye safu, nashikilia mkia wa shati la ami.

Nikaitikia, ndiyo, ndiyo. Na mkono wake niliuacha begani, kwa sababu ulikuwa na joto.

Ami amefariki 2016. Kila Idi tulizungumza kwa simu, akiniuliza baridi, nikimuuliza mvua.

Sasa Salma, binti yangu, ametimiza kumi na moja na anataka sinema ya kutisha, moja tu, Baba, kila mtu darasani ameshaangalia. Nikamwambia tafuta. Ya kwanza kuja ikawa ileile ya Romero. Iko bure kila mahali. Walipoibadilisha jina kabla ya kuitoa, tangazo la hakimiliki likasahauliwa.

"Ile hapana."

"Inatisha sana?"

"Haina rangi."

Akanitazama kama ninavyotazama risiti ya fundi gari. Kisa cha Batman anakijua, namsimulia kila mwaka na kila mwaka anacheka. Leo hakucheka.

"Baba, huyo Popobawa wenu. Mlimkamata?"

Nikamwambia avae koti, boga la jirani linaungua, twende tukawagongee.