Moja Nukta Kumi

Mama alipiga simu Jumamosi asubuhi, duka limejaa wateja. Anauza vitambaa Kariakoo, na programu yetu ya mauzo ilikuwa imeanza kuzidisha bei kwenye risiti.

"Shikamoo mama. Unatumia toleo gani?"

"Marahaba. Si hilo mliloniletea siku ile ya mvua."

Masika yote ilikuwa ya mvua.

Tulikuwa watatu kwenye chumba kimoja Kijitonyama, na kila mtu na namba zake za matoleo. Mimi nilihesabu 1.7, 1.8, 1.9. Mwenzangu aliandika tarehe, tena akianza na siku, hivyo kompyuta ikazipanga tarehe mosi za miezi yote pamoja. Wa tatu hakuandika kitu. Alibadilisha flashi tu.

Nikapanda daladala na 1.10 mfukoni. Nilipoiweka, programu ikakataa: tayari kuna toleo jipya zaidi. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeiagiza ilinganishe namba kama maandishi, herufi kwa herufi, na baada ya nukta, 1 hutangulia 9. Nikaanza kumweleza mama kwamba kumi ni kubwa kuliko tisa.

"Mwanangu, mita moja nukta kumi na mita moja nukta tisa, ipi ndefu? Hapo kuna tofauti ya sentimita 80. Unataka kuniwekea la zamani?"

Wateja wakacheka. Nililifuta la zamani kwa mkono, nikaweka jipya, nikaondoka bila kunywa soda niliyoagiziwa.

Jioni tukabishana mpaka chipsi zikapoa. Mimi sasa nilitaka mwaka na mwezi, kama Ubuntu, ule mfumo endeshi wa kompyuta: 4.10 ni ya Oktoba 2004. Mwenzangu akagoma. Mwenye duka, alisema, hajali tulimaliza lini. Anataka kujua kama hesabu zake za nyuma zitafunguka. Nilichukia kwa kuwa alikuwa sahihi. Tukashika namba tatu: ya kwanza hupanda rekodi za zamani zisipofunguka bila kugeuzwa, ya pili kukiwa na kitu kipya, ya tatu kwa marekebisho. Na namba ikishatoka haitumiki tena, hata toleo likiharibika saa hiyo hiyo.

Tulianzia 2.0.0, maana hata ule ulinganishaji wangu mbovu ungeikubali.

Wiki mbili baadaye simu ikaita. "Mbili nukta sifuri nukta moja," mama akasema kabla sijamwamkia, "haichapi risiti."