Chura wa Ukubwa wa Kucha

Ushelisheli ni ghali, wallahi. Taksi kutoka Victoria hadi penye njia ya kupandia mlima Morne Blanc, karibu na kiwanda cha chai, ilinilia pesa ambazo kwetu Kizimbani, Unguja, ningeendea sokoni wiki nzima. Maji ya chupa ndiyo usiseme. Siku tatu za mwanzo niliziishia pwani, na pwani ninayo kwetu, sina la kusimulia.

Kilichonipeleka mlimani ni chura mmoja anayepatikana kwenye visiwa vya Mahé na Silhouette tu, dunia nzima. Hana kiwambo cha sikio wala sikio la kati, lakini anasikia: mwaka 2013 wanasayansi walieleza kuwa uwazi wa mdomo wake ndio unaokuza sauti. Nikasema huyu lazima nimwone.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha na viatu vyangu ni vya mjini. Mara mbili nilikaa chini bila kupenda. Mwongozaji wetu, mama wa makamo, alikuwa akinisubiri mbele bila kucheka, jambo lililoniuma zaidi.

Tulipoingia kwenye ukungu ikanijia harufu ya nyumbani. Mdalasini! Kila upande mdalasini. Nikavunja kijiti nikatafuna kama nilivyokuwa nikifanya shambani kwa baba. Yule mama akanitazama. "Huyo ndiye mwizi wetu," akasema.

Wafaransa waliupanda mdalasini Anse Royale, hapohapo Mahé, mwaka 1772, ndege wakala tunda wakasambaza mbegu, nao ukapanda milima yote. Mizizi yake hujisuka juu ya udongo, miche ya miti ya asili ikakosa pa kukaa. Na chura anaishi humohumo chini, kwenye majani yaliyoanguka. Sasa hata kuung'oa wote kwa pamoja haifai, maana kivuli kikiondoka ghafla ardhi inakauka. Hukatwa kidogo kidogo, na miti ya asili ikapandwa kwenye mapengo. Mimi mtoto wa mkulima wa mdalasini nilisimama pale kama niliyeambiwa habari za ndugu yangu aliye jela. Kile kijiti nilikitia mfukoni.

"Mguu!" akapiga kelele.

Nikabaki na mguu mmoja hewani. Akachutama, akafunua jani moja lililolowa. Sikuona kitu. Akaonyesha tena. Basi kile nilichodhani ni punje ya udongo kikaruka. Milimita 11, mtu mzima huyo! Kucha yangu ya kidole kidogo ingemtosha kitanda. Hana haja hata ya dimbwi: jike hutaga kwenye unyevu wa majani, hulinda mayai, na watoto hutoka vyura kamili bila kuwa viluwiluwi.

Hofu ya yule mama ni ukungu. Miaka ya jua kali ikizidi, chura atapanda juu kufuata unyevu, na juu hakuna pengi: kilele kirefu kuliko vyote Mahé ni mita 905. Msitu umetengwa kuwa hifadhi tangu 1979, lakini ukungu hauwekewi mlinzi.

Chura nilimpiga picha moja tu, mkono ukitetemeka.

Niliporudi Unguja nikampa mama yangu simu aone. Akaivuta picha, akaikuza, akaisogeza karibu na macho.

"Jani la mdalasini hili," akasema. "Huyo chura yuko wapi?"