Kabla ya kumpeleka binti yangu chuo kikuu cha Kanisa

Binti yangu amemaliza kidato cha sita, tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), katika shule ya wasichana inayoendeshwa na masista, naye anataka kusoma sheria. Tangu aliporudi nyumbani, shangazi zake, wanajumuiya wenzetu na hata jirani yetu Mlutheri wamenishauri kwa sauti moja kwamba nimpeleke Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) kule Mwanza au Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha kule Iringa, ili aendelee kulelewa kama alivyolelewa na masista. Nawashukuru wote kwa nia yao njema, ila naona ushauri wao umejengwa juu ya dhana isiyo sahihi, kwamba chuo kikuu cha Kanisa ni shule ya sekondari ya masista iliyoongezewa ukubwa.

Kwanza, vyuo hivi havifanani. SAUT ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Mizizi yake ni kituo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa Nyegezi mwaka 1960, wakati wa Askofu Joseph Blomjous, kikafikia hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998. Ruaha, Mwenge ya Moshi na chuo cha afya cha Bugando vilianza kama vyuo vishiriki vya SAUT kabla ya kujitegemea, na kila kimoja kimekua kwa njia yake. Bugando kinasifika kwa udaktari kwa sababu kimepakana na hospitali kubwa ya rufaa, ambapo mwanafunzi huwaona wagonjwa halisi kila siku, lakini sifa hiyo haimsaidii chochote mtoto anayetaka kusoma sheria au ualimu katika chuo kingine, hata kama vyote viwili vina kanisa ndani ya uzio.

Lililonifungua macho zaidi ni malazi. Nilipokuwa Mwanza kwa shughuli zangu nilipanda bodaboda kutoka stendi ya Nyegezi hadi Malimbe, nikatembea taratibu kwenye mitaa inayokizunguka chuo, kati ya yale majabali na ziwa. Nyumba nyingi zimegawanywa vyumba kwa ajili ya wanachuo: mlango wa bati, jiko la gesi dogo pembeni ya godoro, ndoo za maji zimepangwa ukutani, na tangazo la mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Niliongea na mama mmoja anayeuza chapati na maharage kando ya njia, akaniambia kwamba wanachuo wengi hupendelea kupanga uraiani kwa sababu ya uhuru. Huko hakuna matroni, hakuna kengele ya kulala, wala sista wa kunyang'anya simu. Binti aliyeishi miaka sita akiomba ruhusa hata ya kwenda dukani atajikuta ana funguo yake, fedha ya kujikimu mkononi na jioni zisizo na ratiba. Kwa hiyo swali langu kwa mzazi mwenzangu si kama chuo kina maadili, bali kama mtoto wake anaweza kuamka mwenyewe, kupanga bajeti ya wiki na kukataa vishawishi vya marafiki vinavyokuja na uhuru huo. Binti yangu, kwa ninavyomfahamu, ataweza. Kaka yake mkubwa, katika umri huohuo, nisingethubutu kumwachia uhuru huo.

Kuhusu imani yenyewe, wasiwasi wa wazazi wasio Wakatoliki mara nyingi huzidi hali halisi. Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo II alitoa katiba ya kitume Ex Corde Ecclesiae kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, na humo imeelezwa wazi kwamba uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe; hakuna anayelazimishwa kubatizwa wala kupokea komunyo. Hata hivyo, chuo hakifichi utambulisho wake. Misa hufungua na kufunga matukio makubwa, ratiba hufuata sikukuu za Kanisa, kanuni za mavazi zimeandikwa na husimamiwa, na mwanafunzi anaweza kukutana na somo la falsafa au maadili hata kama anasomea uhasibu. Mzazi Mwislamu aombe kitabu cha kanuni za wanafunzi na kukisoma pamoja na mwanawe kabla ya kulipa chochote, aone kilichoandikwa kuhusu mavazi na nafasi ya ibada. Upande wangu, somo la maadili ni sababu ya kukipenda chuo, kwa maana sijaona wakili aliyeharibika kwa kusoma falsafa kupita kiasi.

Jina la Kanisa pia si kinga dhidi ya udhaifu wa kitaaluma. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na baadhi yake vilikuwa vya taasisi za Kikatoliki. Ndiyo maana mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU kila mwaka unapaswa kusomwa kwa kutazama programu yenyewe, si chuo tu. Kwa sheria kuna kipimo cha pili kilicho kikali zaidi: mhitimu hawi wakili bila kupita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) jijini Dar es Salaam, na mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo yalipoonyesha kwamba kati ya wanafunzi 633 ni 26 tu waliofaulu mitihani yote bila kurudia, serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Tangu hapo, kila ninapozungumza na mtu wa kitivo cha sheria, awe wa chuo cha Kanisa au cha umma, namuuliza wahitimu wao hufanyaje kule, wahadhiri wangapi ni wa kudumu, na mahakama ya mazoezi hukaa mara ngapi kwa muhula. Anayejibu kwa kunitajia uzuri wa mazingira ya chuo, naelewa.

Halafu kuna fedha. Mchanganuo wa ada usomwe hadi mstari wa mwisho, kwa kuwa chini ya ada yenyewe huwa kuna usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, ada ya TCU ya uthibiti ubora na bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi kupitia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Zidisha hayo kwa miaka minne ya sheria, ongeza kodi ya chumba na nauli za likizo, ndipo useme kama unaweza. Wengine huamini kwamba chuo binafsi hakina mkopo, jambo ambalo si kweli: Bodi ya Mikopo huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo binafsi vinavyotambuliwa. Lakini mkopo hupimwa kwa uhitaji, huweza kugharimia sehemu tu ya ada, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi deni liishe. Nimewahi kusikia mzazi akisema Kanisa halitamfukuza mtoto kwa sababu ya ada. Maparoko wapo wanaosaidia, na wapo wafadhili, lakini idara ya fedha ya chuo inalipa mishahara ya wahadhiri kwa ada hizohizo, na asiyemaliza kulipa huzuiwa mtihani kama kwingineko.

Nilipomweleza binti yangu hesabu hizi, alisikiliza kimya, kisha akaniambia, "Baba, mimi naipenda Ruaha kwa sababu Iringa ni mji mdogo na darasa nitalifahamu, lakini sitaki uuze kile kiwanja." Hoja yake ya kwanza ina uzito, kwani ni mtoto anayeuliza maswali pale tu mwalimu anapomjua kwa jina, na kwenye ukumbi wa watu mamia angemaliza muhula bila kunyanyua mkono. Ya pili nimemwambia aniachie mimi.

Tumekubaliana aombe Ruaha na chuo kimoja cha umma katika dirisha la kwanza la maombi ya udahili. Tatizo ni kwamba akidahiliwa kote atatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba ya siri ndani ya siku chache, wakati majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu karibu na vyuo kufunguliwa. Atathibitisha Ruaha endapo nitakuwa na ada ya mwaka wa kwanza benki bila kutegemea Bodi. Nisipokuwa nayo, atathibitisha kile cha umma, na Jumapili atasali kwenye parokia iliyo jirani na chuo.