Siku moja maishani mwangu: fundi wa vioo vya mbele vya mabasi

Watu wakiona basi limewekwa kioo kipya cha mbele, hudhani kazi ilikuwa kukinyanyua na kukipachika. Kupachika ndiko kufupi kuliko yote. Kazi yenyewe iko kwenye fremu ambayo abiria hataiona kamwe, na kwenye kusubiri, jambo ambalo mwenye basi hataki hata kulisikia. Nawaandikia siku yangu ya juzi ilivyokwenda.

Saa 12:00 asubuhi. Nilifungua stoo, nikakagua vifaa na kusoma tarehe ya kila mrija wa gundi. Uliopitwa na muda hautumiki, hata kama haujafunguliwa.

Saa 1:00. Basi la kwanza lilikuwa limepigwa jiwe upande wa abiria. Palikuwa na kishimo kidogo chenye nyufa fupi kuzunguka pande zote. Hilo linatengenezeka, maana kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyoshikwa pamoja na utando wa plastiki katikati, na jiwe lilikuwa limeumiza cha nje tu. Nilipakausha, nikafunga kifaa cha kufyonza hewa iliyojificha ndani ya nyufa, nikaingiza utomvu maalumu, nikaumulika kwa taa ya urujuanimno mpaka ukakauka, nikakwangua uliozidi.

"Fundi, mbona bado naona alama?" dereva akauliza. Huulizwa kila mara, nami hujibu bila kuchoka: alama hafifu hubaki. Tunachofanya ni kuuzuia ufa usitembee na kurudisha nguvu ya pale palipoumia. Lingekuwa mbele ya macho ya dereva nisingelirekebisha, kwa sababu usiku taa za gari linalokuja zikiigonga alama ile, mwanga hutawanyika machoni. Ufa uliokwisha kufika ukingoni nao haurekebishwi. Hapo ni kioo kipya. Madereva, nawasihi: kioo kikipigwa jiwe, bandikeni kipande cha tepu safi juu yake, vumbi na maji visiingie, na msikimwagie maji baridi kikiwa kimechomwa na jua. Ufa mdogo hukua kwa mshtuko huo.

Saa 3:00. Likaja basi la safari ndefu, kioo kimoja kipana kutoka nguzo hadi nguzo, kimepasuka kuanzia kona ya chini hadi juu. Tulitoa waipa na plastiki za pembeni, tukafunika dashibodi na viti vya mbele, kisha tukapitisha waya kwenye gundi ya zamani. Mmoja anavuta akiwa ndani, mwenzake anavuta akiwa nje, waya unakata polepole kuzunguka fremu nzima. Mikono huwaka moto. Kioo kilipotoka ndipo nikaona kwa nini kilipasuka.

Fremu ilikuwa imeliwa na kutu kona nzima. Aliyeweka kioo kilichotangulia alikwangua mpaka kwenye chuma kitupu, hakupaka kitu, halafu akajazia silikoni juu. Maji yakaingia, kutu ikavimba, ikakisukuma kioo kidogo kidogo. Kioo hakipendi kusukumwa sehemu moja. Basi likiyumba kwenye barabara mbovu, bodi hujipinda, na pale kioo kinapogusa chuma ndipo kinapoanzia kupasuka.

Saa 5:00 msimamizi wa safari alifika. Akatazama fremu tupu, akatazama saa yake.

"Fundi, kioo kipo, gundi ipo. Mnasubiri nini?"

Nikamwonyesha kutu. Akasema pakeni gundi juu yake, basi lina abiria jioni. Nikamwambia, "Bosi, nikipaka juu ya kutu, gundi itashika kutu, si basi. Kutu ikibanduka, inabanduka na kioo chako." Akasema fundi wa kabla yangu hakuwa na maneno mengi. Sikumjibu hilo, kwa kuwa kazi ya fundi huyo ilikuwa mbele yetu sote wawili.

Tukaendelea kusugua. Kwa brashi ya waya, kwa msasa, kwa kisu kwenye pembe ambazo mashine haifiki. Yeye amesimama nyuma yangu, anapiga simu kwa sauti ili nisikie: "Bado, hawa watu bado." Kila dakika chache anarudi na wazo jipya. Kwa nini nisikaushe kwa feni? Kwa nini nisianze upande mzima, huu wa kutu nikaumalizia baadaye? Nikamweleza kwamba mstari wa gundi lazima uwe mmoja usiokatika, maana panapokatika ndipo maji yanapopita. Nikamweleza kwamba pale penye gundi ya zamani iliyoshika vizuri siitoi yote, naacha tabaka jembamba la milimita moja au mbili, kwa sababu gundi mpya huishika vizuri sana. Nikamweleza kwamba chuma kilichobaki wazi lazima kipate praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma, na praima lazima ikauke. Alisikiliza nusu, kisha akaegemeza kiganja kwenye ukingo wa kioo kipya nilichokwisha kukisafisha. Mafuta ya kiganja huizuia gundi kushika. Nikausafisha upande ule upya, naye akaniona nachelewesha kwa makusudi.

Mchana ulipita hapo hapo. Tulijaribisha kioo bila gundi, tukabandika tepu za alama ili kirudi mahali pale pale, tukaweka vipande vya mpira chini vya kubeba uzito wake. Kisha nikavuta mstari wa gundi wenye kilele, umbo la pembetatu, kuzunguka fremu yote. Kuanzia hapo hakuna mazungumzo, maana gundi huanza kufanya ngozi juu yake ikikutana na hewa. Watu wanne, vishikio vya kunyonya mkononi, kioo kinaenda juu, kinasimama kwenye vile vipande vya chini, kinalala taratibu. Kikikaa vibaya hukisogezi utakavyo, kwani ukikiburuta unapasua mstari. Kilikaa. Furaha ya wakati ule siwezi kuieleza kwa asiyewahi kushika uzito wa kioo cha basi mikononi.

"Haya, tupe funguo."

Nikamwambia bado. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, hewa ikiwa kavu au baridi inachukua muda zaidi, na muda wa chini kabla gari halijaondoka umeandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Nikampa asome mwenyewe. Kioo kilichobandikwa ni sehemu ya mwili wa basi. Basi likigonga kitu, ndicho kinachomzuia mtu wa mbele asirushwe nje. Akasema atatia saini yeye, lawama iwe yake. Nikakataa kusaini karatasi ya kutoa gari. Abiria wa kiti cha mbele hawajui lolote kuhusu saini yake. Hatimaye akapiga simu nyingine, safari hii kwa sauti ya chini, akaomba basi jingine lipelekwe jioni ile.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipoanza la mwisho, basi la zamani lenye kioo cha kushikwa na mpira. Unapitisha kamba kwenye mdomo wa mpira, unapaka maji ya sabuni, mmoja anavuta kamba akiwa ndani huku mwingine akisukuma kwa nje. Mabega yangu yalikuwa yamekwisha kazi, lakini kilikaa kwa mara moja.

Giza lilipoingia nikafagia vipande, nikalijaribu kwa maji lile basi la mpira, halikuvuja. Muda wa gundi ulipotimia nikamkabidhi dereva basi lake la safari ndefu. Nikamwambia aache dirisha moja wazi kidogo, mlango ukifungwa kwa kishindo hewa ya ndani isikisukume kioo, na asilioshe kwa mashine ya maji ya nguvu hadi wiki iishe. Akapitisha macho kwenye ukingo wote, kona hadi kona, akauliza tepu azitoe lini.

"Kesho," nikamwambia. Akaliwasha, akatoka polepole.