Ua Langu Lilikuwa Linadai Giza

Nilinunua kalankoe yangu ya kwanza, ua la chunguni lenye majani manene, kwenye kitalu kimoja hapa Arusha ikiwa imefunikwa na maua mekundu. Maua yalidumu karibu miezi miwili, yakakauka, nikayakata. Kisha ikapita miaka 2 sijaona hata tumba moja. Majani yalinawiri, manene, yanang'aa, kila mgeni akiyasifia. Maua hakuna.

Nilihangaika nayo. Nikaiwekea samadi ya mbuzi, baadaye yurea kidogo, ikazidi kutoa majani tu. Nikaongeza maji, shina likaanza kulainika chini na ikabidi nikate vipande vizima nivipande upya. Kimoja nilimpelekea shangazi yangu Lushoto.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, nilikwenda kumsalimia. Kile kipande changu kilikuwa barazani kwake, ndani ya kopo la rangi lililotobolewa chini, kimechanua chote! Nikamuuliza, "Shangazi, unakiwekea nini?"

"Sikiwekei kitu, mwanangu. Maji nikikumbuka."

Tena yeye alikuwa na wasiwasi. Amekulia Korogwe kwenye mashamba ya mkonge, na anajua kwamba mkonge ukishapandisha lile shina refu la maua, ndiyo mwisho wake. Aliniuliza kama hili nalo linaaga. Nikamwambia hapana, kalankoe huchanua na kuendelea kuishi. Lakini swali langu lilibaki palepale: mmea ni uleule, kwangu unakataa, kwake unakubali.

Jibu nililipata jioni ileile, tulipokaa barazani. Hakuna taa pale. Jua likizama milimani, kunakuwa giza totoro mpaka alfajiri. Kwangu kalankoe ilikaa sebuleni, kando ya televisheni, chini ya taa inayowaka mpaka saa 5 usiku, wakati mwingine saa 6 watoto wakiwa likizo.

Nilipoanza kusoma kuhusu mmea huu nilielewa. Asili yake ni Madagaska, na jina lake la kisayansi, *Kalanchoe blossfeldiana*, linamkumbuka Robert Blossfeld, Mjerumani aliyekuwa akifanya biashara ya mimea. Majani yake hupima urefu wa usiku. Usiku ukiwa mrefu na usiokatizwa, kwa siku nyingi mfululizo, majani hupeleka ishara kwenye ncha za matawi, na ncha hizo huacha kutengeneza majani, zikaanza kutengeneza matumba. Taa ikiwaka katikati, hata kwa muda mfupi, mmea huhesabu kwamba usiku ulikuwa mfupi. Ulaya usiku wa majira ya baridi ni mrefu wenyewe. Sisi huku karibu na Ikweta mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima, kwa hiyo kalankoe iko mpakani: giza la kweli linaitosha, lakini taa ya sebuleni inaiharibia kabisa.

Nikatafuta boksi kubwa la katoni, nikaziba matundu kwa gundi ya karatasi. Kila siku saa 11 jioni naifunika, saa 1 asubuhi naifunua na kuisogeza dirishani ipate jua. Saa 14 za giza, kwa wiki 6. Hilo la jua msilipuuze. Mmea ukifungiwa gizani mchana na usiku utadhoofika, kwa sababu nguvu ya kutengeneza maua inatoka kwenye mwanga wa mchana. Maji nilipunguza, nikasubiri udongo ukauke kwanza. Mbolea niliacha.

Kazi hii inachosha, sitawaficha. Wiki ya pili nilichelewa kurudi kutoka kazini siku mbili, nikaikuta taa imeshawashwa, nikaona nimepoteza kila kitu. Niliongeza siku chache mwishoni kufidia. Mwanangu wa darasa la tano ndiye aliyeniokoa: alijipa jukumu la kufunika, na hakukosa hata jioni moja.

Wiki ya 6 ndiye pia aliyeniita. Katikati ya majani ya juu kulikuwa na vitu vidogo vya kijani, kama vichwa vya pini, vimesongamana. Nilipiga magoti pale sakafuni kuviangalia, na sioni haya kusema machozi yalinilenga. Matumba yakishatokea boksi halihitajiki tena, tukairudisha mahali pake. Baada ya mwezi mmoja na kitu, ua la kwanza likafunguka, jekundu lilelile la kitaluni.

Chungu changu cha pili nilikiacha makusudi sebuleni bila kukifunika, ili niwe na uhakika. Mpaka leo kina majani mazuri sana, na boksi lake liko tayari nyuma ya mlango.