Baa ya kijijini Lacock, wameitendea haki

Jana Jumapili mimi na shangazi tumetoka Reading hadi Lacock, kile kijiji cha Wiltshire, Uingereza, ambacho karibu chote kiko chini ya National Trust, shirika la kutunza majengo na maeneo ya kale, tangu 1944, tukaingia baa moja ya kale imetoka kukarabatiwa ndani. Jamani nilienda na wasiwasi, maana baa nyingi wakishashika rangi wanapaka kijivu kila mahali inakuwa kama ofisi, ila hawa boriti za dari wameziacha vilevile, nyeusi, alama za shoka unaziona kabisa, na sakafu ya mawe imelika pale watu wanapopita kwenda kaunta. Vipya ni viti, taa na choo, kisafi mno. Bia yao ya pipa haina gesi nyingi, inavutwa kwa mkono, pinti ni mililita 568, na ubaridi wake ni wa stoo ya chini sio wa friji. Ukienda usikae kusubiri mhudumu, agiza kaunta. Shangazi kala nyama ya oveni na mchuzi mzito hadi kaomba mkate wa kufutia sahani, na mbele ya moto mbwa wa mtu kalala fofofo 😍