Nyumbani kwa mama yake Kamaraj

Nilimpeleka mama Chennai, kule India, kutibiwa jicho, na kama unavojua wabongo wengi wanaenda kule kwa matibabu, sasa baada ya oparesheni daktari akasema apumzike wiki nzima ndo arudi kuangaliwa. Dada alikuwepo anamhudumia. Mi nikabaki natembea tu mjini, na kila nikikatiza nakutana na sura ya mzee mmoja, mweusi tii, mwili mkubwa, shati jeupe limeshuka karibu na magoti. Hata terminali ya ndani ya uwanja wa ndege, tuliposhukia tukitokea Mumbai, ina jina lake. K. Kamaraj.

Muhudumu wa hosteli yetu nilipomuuliza akaweka ufagio chini kabisa. Akaniambia huyu alikuwa waziri mkuu wa jimbo lao la Tamil Nadu, enzi hizo likiitwa Madras, tangu 1954 mpaka 1963, na alipofariki tarehe 2 Oktoba 1975 aliacha rupia 130, nguo chache na vitabu basi. Hana mke, hana mtoto, nyumba yenyewe aliyokuwa anakaa Chennai ya kupanga. Nikauliza na wazazi wake? Akasema nenda Virudhunagar.

Nikaenda kweli. Nilipanda treni ya usiku kutoka stesheni ya Egmore, ni zaidi ya kilomita 500 kushuka kusini, unapita Madurai alafu kama saa moja hivi unafika. Nilikuwa kitanda cha juu kabisa, feni inanipulizia usoni, watu chini wanafungua vyakula vyao vya nyumbani mabehewa yote yananukia. Asubuhi nikachukua bajaji, na huko ndo kwao bajaji, mpaka kwenye mitaa ya wafanyabiashara, pilipili kavu na mafuta ya kula kila kona, koo linawasha.

Nyumba iko kwenye kichochoro chembamba, serikali imeigeuza kumbukumbu. Picha zimejaa ukutani: yuko na Nehru, yuko na Shastri, yuko na Indira Gandhi, maana huyu bwana aliyeacha shule akiwa na miaka kama 11 ndo alikuja kuwa rais wa Congress, chama tawala enzi hizo, na kuwaweka hao wawili wa mwisho kwenye uwaziri mkuu wa India, 1964 na 1966. Ila mi nilisimama kwa mama yake. Sivakami. Mume wake alikuwa muuza nazi, akafa wakati Kamaraj ana miaka sita tu, akabaki na huyu mtoto wa kiume na binti yake Nagammal. Mtoto akawekwa kwenye duka la nguo la mjomba, kidogo tu akakimbilia siasa za Mahatma Gandhi za kudai uhuru, na jela za Waingereza alikaa karibu miaka tisa ukijumlisha zote. Mama yupo tu hapo anasubiri.

Sasa kuna kisa wanachosimulia kila mtu pale. Kamaraj keshakuwa mkubwa wa jimbo, watu wa manispaa wakaona aibu mama wa waziri mkuu anateka maji bomba la mtaani, wakamvutia bomba mpaka ndani. Kamaraj alipokuja kumsalimia akaliona, akaagiza likatwe siku hiyohiyo, mama ateke na wenzake. Wanasimulia kwa fahari kubwa, na fahari yao naielewa, kwetu tumeshaona sana lami inayoishia getini kwa mheshimiwa. Lakini nilivotoka nje nikamkuta bibi mmoja na ndoo yao ile ya plastiki yenye shingo, kaiweka kiunoni, imejaa, anatembea ameinamia upande mmoja, maji yanamchuruzika kwenye sari mpaka kwenye visigino, nikaona ule uadilifu kuna mtu mwingine alikuwa anaubeba.

Na bado nampenda yule mzee. Shule aliyosoma ilijengwa na watu wa jamii yake, Wanadar, waliokuwa wanadharauliwa kwa sababu ya kugema tembo, kila nyumba ilikuwa inatenga konzi moja ya mchele kila siku, unakusanywa, unauzwa, shule inaendeshwa bure. Mtoto aliyesomeshwa kwa konzi za mchele za majirani alivopata madaraka akafungua maelfu ya shule na kuwapa watoto chakula cha mchana shuleni, na leo India nzima zaidi ya watoto milioni 100 wanakula hivyo. Hapohapo Virudhunagar 1967 wakamwangusha kwenye uchaguzi, akashindwa na kijana wa harakati za wanafunzi!

Nilikula parota, chapati zao zile za kukaanga kwenye mafuta, nikapanda treni ya jioni.

Kufika hosteli mama yuko macho, jicho moja limefunikwa, nikamshikia simu karibu na jicho zima akaiangalia picha ya Sivakami muda mrefu. Nikamsimulia habari ya bomba.

"Akalikata kweli?"

"Ndo wanavosema mama."

"Mh. Basi angemtekea hata ndoo mbili kabla hajaondoka."